Sataranji: Anayetaka Kushinda na Aanzie Mwisho

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuketi mbele ya ubao wa sataranji jioni baada ya kazi, ukaanza vizuri, ukamla mwenzako farasi, ukajiona tayari u mshindi, kisha saa moja baadaye ukajikuta unamsalimisha mfalme wako bila kufahamu ulipopotelea, basi makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Siyaandiki kama bingwa. Nayaandika kama mtu aliyekosea mbele ya macho ya wenzake, akafunzwa na kosa hilo moja zaidi ya alivyofunzwa na vitabu viwili alivyovinunua kwa fedha ya mshahara wake.

Mambo yalikuwa hivi. Sisi wafanyakazi wachache wa ofisini petu tulikubaliana na wenzetu wa karakana moja ya jirani tushindane, watu watano kwa watano, Jumamosi mchana chini ya mwembe. Ilipofika saa kumi jioni wenzangu wanne walikuwa wamekwisha maliza: wawili wameshinda, wawili wameshindwa. Ukabaki ubao wangu, na watu wote wakahamia kwangu. Mpinzani wangu alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye hakujua hata jina la ufunguzi mmoja wa sataranji. Mimi nilikuwa nimehifadhi hatua kumi na mbili za Ulinzi wa Kisisilia, na kwa wiki tatu nilikuwa nimewachosha watu wa nyumbani kwa kuzitaja wakati wa chakula.

Hatua ya tatu tu mzee akacheza kitu ambacho hakikuwamo kitabuni. Hatua zangu tisa zilizobaki zikawa hazina kazi. Hata hivyo nilijikongoja, tukabadilishana kete moja baada ya nyingine, hadi ubaoni pakabaki kete tatu tu: mfalme wake, mfalme wangu, na kitunda chake kimoja, yaani ile kete ndogo ambayo wengine huiita askari. Sare ingetutosha kutoka sawa kwa sawa. Na ile ilikuwa sare, msomaji, sare ya wazi kabisa, ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuilinda kama angefundishwa kwa nusu saa. Mimi sikufundishwa. Nikashindwa.

KOSA LENYEWE

Tafadhali chukua ubao. Kama huna, chora miraba 64 juu ya kipande cha boksi na uandike majina ya kete kwenye vizibo vya soda kwa kalamu ya wino. Sataranji haijui tofauti baina ya kizibo na pembe ya ndovu. Kila mraba una jina lake. Mistari ya wima huitwa a hadi h, kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye kete nyeupe. Safu za kulala huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia kwake kwenda kwa mpinzani.

Mweke mfalme mweupe kwenye e5, kitunda chake cheupe kwenye e6, na mfalme mweusi kwenye e7. Mimi ndimi niliyekuwa na nyeusi. Ni zamu ya nyeupe. Mzee akampeleka mfalme wake d5. Nami hapana budi niondoke, maana katika sataranji hakuna ruhusa ya kusema “leo nipite”. Nilikuwa na miraba mitatu ya kurudi nyuma: d8, e8 na f8. Nikaona, kwa akili ya haraka, kwamba mfalme wake yupo upande wa d, basi nami nimzuie huko huko. Nikaenda d8.

Akaja d6. Wafalme wetu wakatazamana, baina yao mraba mmoja mtupu, na zamu ni yangu. Ikabidi nisogee e8. Akasukuma kitunda hadi e7. Nikabakiwa na mraba mmoja tu wa kukanyaga, f7. Akaingia d7, na hatua iliyofuata kitunda kikawa malkia. Sikungoja zaidi, nikampa mkono.

Sasa rudisha kete mahali pake, ujaribu njia nyingine. Mfalme mweupe yuko d5, nawe badala ya kwenda pembeni unarudi nyuma moja kwa moja, e8, mbele ya kitunda. Akija d6, ndipo unapokwenda d8. Tazama ubao kwa makini: ni picha ile ile iliyoniua mimi, mfalme wake d6, kitunda chake e6, mfalme wako d8. Hakuna kete iliyobadilika. Kilichobadilika ni zamu. Safari hii yeye ndiye anayelazimika kucheza. Akisukuma kitunda e7 kwa kumtishia mfalme wako (wachezaji husema “cheki”), utarudi e8. Hapo ama akiache kitunda kiliwe, ama amlete mfalme wake e6, nawe utakuwa huna pa kwenda ilhali hutishiwi na mtu. Huko ndiko kukwama, na kwa sheria ya mchezo kukwama ni sare.

Kutazamana huko kwa wafalme wawili huitwa makabiliano, na anayenufaika ni yule ambaye zamu si yake. Jambo hili huonekana kinyume cha akili ya kawaida, maana katika michezo mingi mtu hufurahi zamu ikifika kwake. Mwishoni mwa sataranji, kete zikiwa chache, zamu inaweza kuwa mzigo mzito kuliko kitunda kilichopotea.

Nilipomwamkia mzee shikamoo kwa kumuaga, hakuniacha niondoke. Akazirudisha kete tatu mahali pake, akasema, “Mwanangu, wewe umekuja na mlango mzuri sana, lakini nyumba haina ukuta wa nyuma.” Kisha akanichezesha mchezo ule mara kumi, mara mimi nyeupe, mara nyeusi, mpaka giza likaingia na wenzangu wakaondoka kwenda zao.

ALIVYOFUNDISHA MTU WA HAVANA

Baadaye niligundua kwamba neno la mzee yule lilikwisha semwa zamani na mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa waliopata kutokea. José Raúl Capablanca alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1888. Akajifunza mchezo akiwa na umri wa miaka minne kwa kumtazama baba yake akicheza. Alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, na kwa miaka minane, tangu 1916 hadi 1924, hakushindwa hata mchezo mmoja katika mashindano. Mtu huyo alifundisha kwamba anayetaka kuendelea aanze na mwisho wa mchezo kabla ya jambo jingine lolote.

Sababu yake ni nyepesi. Mwishoni kete ni chache, kwa hiyo akili yaweza kuona nguvu kamili ya kila moja. Aliyekwisha jua ni mwisho upi unashinda na upi ni sare, ndiye anayejua katikati ya mchezo abadilishane kete zipi na akatae zipi. Asiyejua ni kama mtu aliyepanda basi bila kuuliza linakwenda wapi. Viti vizuri havitamsaidia.

Mambo ya mwisho yanayohitajika kwa kuanzia si mengi. Makabiliano tumekwisha yaona. La pili ni kwamba mfalme amtangulie kitunda wake, asimfuate nyuma. Mweke mfalme mweupe e6, kitunda e5, mfalme mweusi e8: hapa nyeupe hushinda, iwe zamu yake au ya mpinzani. Jaribu mwenyewe pande zote mbili mpaka usadiki. Vitunda vya pembeni kabisa, a na h, havimo katika kanuni hiyo. Mlinzi akiwahi pembeni, mchezo ni sare.

La tatu ni kanuni ya mraba mkubwa. Kitunda cheupe kipo a4, kinakimbilia a8, wala mfalme wake hayuko karibu kukisaidia. Je, mfalme mweusi atakiwahi? Usihesabu hatua moja moja. Chora kwa macho mraba wenye pembe a4, a8, e8 na e4. Ikiwa zamu ni ya kitunda na mfalme tayari yumo ndani ya mraba huo, atakikamata. Ikiwa zamu ni ya mfalme na aweza kuingia ndani kwa hatua moja, atakikamata. Vinginevyo abaki nyumbani. Kanuni hii ikumbuke, tutaihitaji tena kabla ya kuagana.

Kuhusu ngome nitasema kidogo tu, ingawa ndizo zibakiazo mara nyingi kuliko kete nyingine. Ukiwa na ngome, mfalme na kitunda dhidi ya ngome na mfalme, na wewe ndiwe uliyepungukiwa, simamisha mfalme wako mbele ya kitunda na ngome yako katika safu ya tatu kutoka kwako, ili mfalme wa mpinzani asiweze kupita. Siku atakaposukuma kitunda hadi safu hiyo, iteremshe ngome yako mpaka mwisho wa pili wa ubao, uanze kumpigia cheki kutoka nyuma. Hana tena pa kujificha. Njia hii inaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, na imeokoa michezo mingi kuliko ujasiri.

MKONO WENYE PUPA

Sasa tuingie katikati ya mchezo. Wengi wetu tumekua na drafti au bao kabla ya kukutana na sataranji, na michezo hiyo imetupa jicho la haraka. Lakini imetupa pia mazoea moja ambayo hapa hutuponza. Katika drafti kula ni lazima. Katika bao mwenye mtaji haruhusiwi kutakata. Mkono umezoea kwamba kilicho mbele yake sharti uchukue. Katika sataranji hakuna anayekulazimisha kula, na aghalabu kete iliyoachwa wazi imeachwa kwa makusudi. Nimewaona wachezaji hodari wa drafti, watu ambao siwezi kuwagusa katika mchezo wao, wakishindwa sataranji kwa sababu hiyo peke yake.

Dawa yake ni kujiuliza maswali kabla ya kugusa kete. Hatua yake ya mwisho inataka nini? Je, naweza kumpigia mfalme cheki? Nikila, nani atanila, na baada ya hapo kutatokea nini? Maswali hayo hayachukui dakika, ila ni lazima yaulizwe kila zamu, hata pale ambapo jibu linaonekana wazi. Naam, hasa pale.

Mbinu zenyewe nyingi ni watoto wa wazo moja: kufanya kazi mbili kwa hatua moja. Farasi mweupe akifika c7 wakati mfalme mweusi yupo e8 na ngome yake ipo a8, amewatishia wote wawili; mfalme atakimbia, ngome italiwa. Askofu mweupe akisimama b5 na farasi mweusi akiwa c6, huku mfalme wake yupo nyuma e8 na mraba wa d7 mtupu, farasi huyo amefungwa. Hana ruhusa ya kusogea, maana akisogea atamwacha mfalme wake wazi. Kete iliyofungwa hailindi kitu kwa uhakika, na hapo ndipo pa kuongeza shambulio.

Lakini kama ningeambiwa nichague pigo moja la kumwonya msomaji, ningechagua lile la safu ya nyuma, kwa kuwa ndilo linalowavunja moyo wanaoanza. Mfalme amejificha g8, mbele yake vitunda vitatu, f7, g7, h7, havijasogea. Anajiona salama. Ngome moja ya adui inaingia e8, hakuna wa kuizuia, na ule ukuta uliomlinda unageuka kuwa gereza. Nimepoteza kwa njia hiyo nikiwa na kete mbili zaidi ya mwenzangu. Sukuma kitunda cha h mraba mmoja mapema, upatikane mlango wa dharura.

JIONI MOJA MJINI PARIS

Msomaji atauliza: na ufunguzi je? Tuuache kabisa? La hasha. Nilichokosea si kusoma ufunguzi, bali kuuhifadhi kama kasuku bila kuelewa kila hatua inataka nini. Matakwa yenyewe ni machache: kamata katikati ya ubao kwa kitunda, toa farasi na maaskofu mapema, usicheze kete moja mara mbili bila sababu, usimtembeze malkia kabla ya wakati wake, na umwingize mfalme ngomeni. Hii ya mwisho ni ile hatua ya pekee ambapo mfalme huruka miraba miwili kuelekea ngome yake, nayo ngome hupita na kusimama upande wake wa pili.

Mfano bora ninaoujua ulichezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera. Paul Morphy, kijana wa Kimarekani kutoka New Orleans, mwenye umri wa miaka 21, alikabiliana na mabwana wawili waliokuwa wakishauriana: Karl, aliyekuwa mtawala wa Brunswick huko Ujerumani kabla ya kupinduliwa, na Isouard, bwana mmoja wa kikabaila. Morphy alikuwa na nyeupe. Panga kete ucheze pamoja nasi. Hatua ya kwanza katika kila jozi ni yake.

1. e4, e5, 2. farasi f3, d6, 3. d4, askofu g4; 4. kitunda chala e5, askofu ala f3, 5. malkia ala f3, kitunda chala e5, 6. askofu c4, farasi f6, 7. malkia b3, malkia e7, 8. farasi c3, c6, 9. askofu g5, b5, 10. farasi ala b5, kitunda chala b5; 11. askofu ala b5, cheki, farasi wa b8 aja d7, 12. mfalme ngomeni upande wa malkia, ngome d8, 13. ngome yala d7, ngome yala d7, 14. ngome d1, malkia e6, 15. askofu ala d7, cheki, farasi ala d7, 16. malkia b8, cheki, farasi ala b8, 17. ngome d8, na mfalme amefungwa.

Watu hushangilia hatua ya 16, pale malkia anapotolewa bure. Mimi naomba utazame kitu kingine. Hesabu kete za wale mabwana ambazo hazikuwahi kusogea tangu mwanzo: askofu wa f8 na ngome ya h8. Walimweka malkia wao e7, akamzibia askofu njia, na mfalme akabaki katikati mpaka mauti yakamkuta. Morphy kwa upande wake aliziingiza zote vitani. Hata ile ngome ya pembeni, ambayo mara nyingi hulala hadi mchezo uishe, ilihamia d1 hatua ya 14 na kuikuta kazi imeiva. Hapakuwa na uchawi. Alitoa farasi, ngome na malkia kwa sababu alikuwa na watu wengi zaidi mahali pa mapigano, na mwishoni ngome moja na askofu mmoja vikatosha.

Kwa nyumbani, ambako watoto aghalabu hukutana kwanza na ile hila ya kumfunga mfalme kwa hatua nne, nieleze kinga yake upesi. Mwenye nyeupe amecheza e4, askofu c4, kisha malkia h5, anakitolea macho kitunda cha f7. Wewe umekwisha cheza e5 na farasi c6. Usikurupuke kumtoa farasi wa pili f6 kwa kumfukuza malkia, maana atakula f7 na mchezo umekwisha. Sukuma kwanza kitunda g6. Akirudi f3 kwa tishio lile lile, sasa ndipo farasi aje f6. Tangu hapo malkia wake atakuwa anakimbizwa huku wewe unatoa kete zako, na mtoto atakuwa amejifunza kinga na kanuni kwa pamoja.

Baada ya Morphy, ningependa uutafute mchezo mmoja tu mwingine, nao unaturudisha kwa Capablanca. Ni ule aliocheza na Savielly Tartakower mjini New York mwaka 1924. Walifikia mwisho wa ngome kwa ngome, vitunda vyake vikiwa hatarini. Badala ya kuvilinda, Capablanca alimtoa mfalme wake matembezini. Akaviacha viwili viliwe, kila kimoja kwa cheki, huku mfalme akipanda g3, h4, g5, hadi f6, karibu na mfalme wa adui ambaye alikwisha bananishwa na ngome nyeupe katika safu ya 7. Njiani palikuwa na kitunda cheusi cha kuliwa, f5. Hakukigusa kwa wakati ule. Alikipita akakifanya ngao mgongoni dhidi ya cheki. Wenye mkono wa pupa na wautazame mchezo huo mara tatu.

SAA MOJA YA JIONI

Mfanyakazi hana siku nzima ya kusoma sataranji. Ana saa moja pengine, baina ya chakula na usingizi, na hiyo nayo si kila siku. Ushauri wangu, ambao nimeujaribu, ni kuigawa bila usawa. Nusu ya kwanza fumbua mafumbo mafupi ya mbinu, au chukua mwisho mmoja wa kete chache na uucheze na mtu wa nyumbani, mkibadilishana pande. Nusu ya pili cheza mchezo mmoja polepole, uuandike hatua kwa hatua kwenye daftari. Ukiisha, kabla ya kulala, tafuta wewe mwenyewe pale ulipoharibu. Ufunguzi upe siku moja katika wiki, usizidi.

Siku hizi simu ya mkononi ina programu inayocheza vizuri kuliko binadamu yeyote. Tangu mwaka 1997, mashine ya Deep Blue ilipomshinda bingwa Garry Kasparov katika pambano la michezo sita, mjadala huo umefifia. Sina ugomvi nayo. Ila ukiiuliza kabla hujajiuliza, itakupa jibu na kukunyima swali. Iache iseme baada ya wewe kuandika maoni yako daftarini.

Na wala usidhani kwamba mwalimu ni lazima awe mkubwa kwa umri. Katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianzisha mafunzo ya sataranji kwa watoto na kuwapa uji. Phiona Mutesi alifika pale akiwa mtoto mwenye njaa, na aliyemwonyesha kwanza namna kete zinavyokwenda alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012 Mutesi akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huu, na mwaka 2016 habari zake zikafanywa filamu. Kwangu mimi kiini cha habari hiyo ni yule msichana mdogo. Kufundisha hatua za farasi kunamlazimu hata mtoto azipange kichwani mwake. Mwachie binti yako akueleze makabiliano, utakapomuuliza “kwa nini?” mara mbili, wote wawili mtakuwa mmeelewa.

Nimebakiza fumbo nililokuahidi kwa kanuni ya mraba mkubwa. Alilitunga Richard Réti mwaka 1921, naye ndiye aliyekatisha ile miaka minane ya Capablanca, mjini New York 1924. Mfalme mweupe yuko h8, kitunda chake c6. Mfalme mweusi yuko a6, kitunda chake h5. Nyeupe aanze, apate sare. Kwa macho ya kawaida haiwezekani: mfalme mweupe yuko nje kabisa ya mraba wa kitunda cheusi, na kitunda chake mwenyewe kitaliwa wakati wowote.

Funika mistari ifuatayo kwa mkono ujaribu kwanza. Jibu ni mfalme g7. Kitunda cheusi kinakwenda h4, mfalme f6. Ikiwa sasa mfalme mweusi atasogea b6 ili akile kitunda cheupe, mfalme mweupe atakwenda e5, na hapo atakuwa na njia mbili kwa wakati mmoja. Mweusi akila c6, mweupe anaingia f4, yumo ndani ya mraba, anakikamata kitunda. Mweusi akikimbiza h3, mweupe anakwenda d6 kumsindikiza wake, na vitunda vyote viwili vinakuwa malkia. Na kama mweusi angekimbiza h3 mapema, mfalme akiwa f6, mweupe angekwenda e7, kisha c7 na d7, na kupata malkia vile vile. Mfalme alikuwa akitembea mshazari, na kila hatua ilimkaribisha sehemu mbili.

Nilimpelekea mzee fumbo hilo Jumamosi iliyofuata. Alilitazama mpaka chai yake ikapoa, akamgusa mfalme, akamwacha, akamgusa tena. Kisha akaniomba nisimwambie jibu, na kwamba ubao uachwe vivyo hivyo hadi wiki ijayo.